Shawa ya umeme: Dalili za hitilafu, chanzo chake na namna ya kuirekebisha bila kuhatarisha maisha

MAJI na umeme ni mahasimu wa jadi, lakini katika bafu za nyumba nyingi nchini vimelazimishwa kuishi pamoja ndani ya chombo kimoja cha plastiki kisichozidi ukubwa wa bakuli.

Chombo hicho ni shawa ya umeme, ile inayofungwa juu ya kichwa cha anayeoga na kupasha maji papo hapo yanapopita. Hupendwa kwa sababu bei yake ni nafuu, haihitaji tangi la maji moto na huanza kazi mara tu mfereji unapofunguliwa.

Hata hivyo, ni vyombo vichache nyumbani vinavyopuuzwa kama hiki. Inapoanza kusumbua, wengi huivumilia. Wapo waliozoea kufungua mfereji kwa kutumia kandambili au taulo kavu, kwa madai kwamba "inapiga kidogo tu".

Mazoea hayo ni ya hatari. Mwili uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mwili mkavu, na anayeoga husimama pekupeku juu ya sakafu yenye maji. Mshtuko unaomtikisa mtu aliyevaa viatu sebuleni unaweza kumuua bafuni.

Makala haya yanaeleza jinsi shawa inavyofanya kazi, namna ya kusoma dalili za hitilafu, yale ambayo mwenye nyumba anaweza kuyatengeneza mwenyewe, na yale anayopaswa kumwachia fundi.

Inavyofanya kazi

Ndani ya shawa mna sehemu nne muhimu: chumba kidogo cha maji, koili inayopata moto, kiwambo cha mpira na vishikizo vya shaba vinavyounganisha umeme.

Mfereji unapofunguliwa, maji huingia katika chumba na kukisukuma kiwambo juu. Kiwambo nacho hugandamanisha vishikizo, umeme ukapita katika koili, na maji yakapata joto. Mfereji unapofungwa, kiwambo hurudi chini na umeme hukatika.

Kwa hivyo, shawa haiwashwi na swichi ya ukutani peke yake. Swichi huleta umeme hadi mlangoni, lakini kinachoufungulia mlango ni nguvu ya maji. Anayelielewa jambo hili ameshapata ufunguo wa nusu ya matatizo yote.

Kitufe cha kuchagua baridi, vuguvugu au moto huamua tu ni sehemu gani ya koili itakayotumika.

Ni muhimu pia kufahamu ukubwa wa mzigo wenyewe. Shawa ya wati 5,500 katika umeme wa volti 240 huvuta takriban ampia 23. Soketi ya kawaida ya ukutani hapa nchini imeundwa kubeba ampia 13. Ndiyo maana shawa haipaswi kamwe kuunganishwa kwenye soketi au kuchotewa umeme kutoka kwa nyaya za taa.

Inahitaji njia yake yenyewe kutoka kwenye kisanduku kikuu: waya wenye unene wa milimita 4 za mraba, au 6 ikiwa umbali ni mrefu, na breka ya ampia 30 au 32. Swichi yake inafaa kuwa ya kukata nyaya zote mbili, laivu na nyutro, na iwe mahali ambapo anayeoga hawezi kuifikia kwa mkono uliolowa.

Kabla ya kugusa chochote

Kuzima swichi ya bafuni hakutoshi. Zima breka ya shawa katika kisanduku kikuu, na kama huijui ni ipi, zima swichi kuu ya nyumba nzima.

Wafahamishe wote waliomo nyumbani, na ubandike karatasi kwenye kisanduku ili mtu asije akauwasha ukiwa ungali juu ya ngazi. Kama nyumba ina jenereta au betri za sola zinazowasha zenyewe umeme unapopotea, zizime pia.

Kisha hakikisha kwa kupima. Bisibisi ya kupimia umeme husaidia, lakini si shahidi wa kutegemewa peke yake, kwani taa yake inaweza kukosa kuwaka ilhali umeme upo. Mita ya kupimia volti ni bora. Ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, ndipo uilete kwenye nyaya za shawa.

Vifaa vingine vya lazima ni bisibisi, koleo, konekta za kauri za kuunganishia nyaya na ngazi imara. Usisimame juu ya kiti cha plastiki wala ndoo.

Maji yanatoka baridi kabisa

Hii ndiyo dalili ya kawaida zaidi, na mara nyingi chanzo chake si shawa yenyewe.

Anza mbali, ukisogea karibu. Je, breka imeruka? Je, taa ndogo ya swichi inawaka? Kama haiwaki, tatizo liko kati ya kisanduku na swichi, wala hakuna haja ya kuifungua shawa.

Kama taa inawaka, tazama maji. Katika nyumba za ghorofa ambazo tangi liko juu ya paa, wakazi wa orofa ya juu kabisa hupata maji yenye nguvu ndogo. Kila mita moja ya kimo kati ya tangi na shawa huongeza takriban kilopaskali 10 za msukumo, na shawa nyingi haziwezi kufanya kazi chini ya kiwango hicho. Maji yakishindwa kukiinua kiwambo, koili haipati umeme hata ikiwa nzima.

Dawa yake ni kuinua tangi au kununua shawa yenye pampu yake ndani. Kabla ya gharama hiyo, fungua kichujio kidogo kilichoko kwenye kiingilio cha maji na ukisafishe. Mchanga na kutu kutoka mabombani huweza kukiziba hadi maji yakawa ya kudondoka.

Kama maji yana nguvu ya kutosha na bado ni baridi, yumkini koili imekatika au vishikizo vimeungua. Ukishazima umeme na kuhakikisha, ondoa kifuniko na utazame. Vishikizo vyenye masizi meusi au vilivyoliwa havipitishi umeme vizuri. Kiwambo kilichopasuka nacho hakiwezi kuvisukuma.

Koili hupimwa kwa mita iliyowekwa upande wa ohm, baada ya kuitenganisha na nyaya. Koili nzima ya wati 5,500 husoma takriban ohm 10 katika kiwango cha joto cha juu. Katika kiwango cha vuguvugu usomaji huwa mkubwa zaidi, kwa kuwa sehemu ndefu zaidi ya koili hutumika. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, koili imekatika na sharti ibadilishwe. Koili iliyokatika haifungwi fundo.

Maji ni vuguvugu tu

Kabla ya kulaumu koili, fanya hesabu. Wati 5,500 zikipasha lita 3 za maji kwa dakika, joto la maji hupanda kwa takriban nyuzi 26. Ukifungua mfereji hadi lita 6 kwa dakika, joto hupanda kwa nyuzi 13 tu.

Katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, maji ya mabombani huwa baridi kuliko kawaida. Shawa iliyotosha mwezi Februari huonekana kama imeharibika, kumbe inahitaji tu mfereji upunguzwe.

Sababu ya pili ni umeme dhaifu. Nguvu ya koili hupungua kwa kasi kuliko volti zenyewe: umeme ukishuka kutoka volti 240 hadi 200, koili ya wati 5,500 hutoa takriban wati 3,800. Kama taa za nyumba hufifia jioni wakati majirani wanapika na kuoga, basi tatizo liko kwenye laini, na la kufanya ni kuripoti kwa kampuni ya Kenya Power.

Lakini kama taa hufifia pale tu shawa yako inapowashwa, shuku waya mwembamba au kiungo kilicholegea ndani ya nyumba yako.

Kinyume chake pia hutokea: maji machache yanayochoma. Hapo matundu ya kutolea maji yameziba kwa ukoko mweupe wa chumvi. Fungua sahani ya matundu, iloweke katika siki kwa saa chache na uisugue kwa mswaki wa zamani. Kuachilia hali hiyo huifanya koili ijichome yenyewe.

Breka inaruka kila mara

Muda ambao breka huchukua kabla ya kuruka ni dalili yenye maana kubwa.

Ikiruka papo hapo, kuna uwezekano kwamba laivu imegusana na nyutro au na ethi, yaani waya wa ardhini. Usiendelee kuirudisha ukitumaini itashika.

Ikiruka baada ya dakika kadhaa, basi ama breka ni ndogo kuliko mzigo, ama skrubu inayobana waya kwenye breka imelegea na kuipasha moto.

Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Fundi wa mtaani huondoa breka ndogo na kuweka kubwa zaidi, lakini waya uliozikwa ukutani unabaki ule ule mwembamba wa milimita 2.5 za mraba. Breka haitaruka tena, ni kweli. Lakini kazi ya breka ni kuulinda waya. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo usiouweza, sehemu itakayokatika kwanza ni waya wenyewe, ndani ya ukuta au juu ya dari, tena kwa moto.

Nyumba nyingine zina kifaa kinachokata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita RCD. Kile cha kulinda binadamu hukata pale umeme unaovuja unapofika miliampia 30, katika muda usiozidi sehemu tatu za kumi za sekunde.

Shawa nyingi za bei nafuu zina koili iliyo wazi, yaani inaguswa moja kwa moja na maji. Kiasi kidogo cha umeme huvuja kupitia maji hayo, na RCD hukata. Wengi huamua kukiondoa kifaa hicho. Uamuzi wa busara ni kununua shawa ambayo koili yake imefunikwa.

Harufu ya kuungua

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au ukiona waya umebadilika rangi karibu na shawa, zima breka mara moja.

Chanzo huwa karibu kila mara ni kiungo. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu haziwezi kubeba ampia 23 kwa muda mrefu. Mahali zilipolegea hupata moto, shaba hubadilika rangi, kiungo huzidi kudhoofika na moto huongezeka, hadi plastiki inayeyuka.

Kata sehemu yote iliyoungua hadi ufikie shaba inayong'aa, kisha uunganishe kwa konekta ya kauri iliyobanwa barabara. Konekta ya plastiki ya kawaida haifai. Kama waya umekuwa mgumu na mweusi hata mbali na kiungo, wote ubadilishwe.

Dalili nyingine isiyopaswa kupuuzwa ni sauti ya kutokota baada ya mfereji kufungwa. Maana yake ni kwamba vishikizo vimegandana na umeme haukatiki. Zima swichi bila kukawia, na usiitumie shawa hadi itengenezwe.

Shawa inapiga

Hapa hakuna "kidogo". Anayehisi mtetemo kwenye mfereji au katika maji amepokea onyo, na onyo la pili huenda lisije.

Katika shawa yenye koili wazi, waya wa ethi ndio unaosimama kati ya anayeoga na umeme. Kazi yake ni kuuchukua umeme unaovuja majini na kuupeleka ardhini kabla haujaufikia mwili. Waya huo una rangi ya kijani, au kijani yenye mstari wa manjano.

Cha kusikitisha ni kwamba ndio waya unaokatwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu shawa hupasha maji hata bila ethi. Fundi asiye na uangalifu huukunja na kuuficha chini ya kifuniko, hulipwa na kwenda zake. Mwenye nyumba huona maji moto akadhani kazi imekamilika.

Kwa hivyo, jambo la kwanza la kukagua ni hili: je, waya wa ethi wa shawa umeunganishwa na waya wa ethi unaotoka ukutani? Je, ukutani umo waya wa tatu hata kidogo? Nyumba nyingi za zamani zina nyaya mbili tu.

Jambo la pili ni kama ethi hiyo inafika ardhini. Hili haliwezi kuthibitishwa kwa macho. Hata mita ya kawaida inaweza kuonyesha volti 240 kati ya laivu na ethi ilhali ethi ni dhaifu mno kubeba umeme wa hitilafu. Fundi aliyehitimu hutumia kifaa maalumu cha kupima upinzani wa njia nzima hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini.

Usiunganishe ethi na bomba la maji. Mabomba mengi ya siku hizi ni ya plastiki na hayafiki popote kiumeme. Yale ya chuma nayo yanaweza kuusambaza umeme huo hadi bafu la jirani. Na kamwe usiunganishe ethi na nyutro ndani ya shawa: nyutro ikikatika, shawa na maji yake vyote vitabeba umeme kamili.

Maji ya chumvi

Wakazi wengi wa mijini hutumia maji ya visima virefu, na katika maeneo mengi, hasa Pwani, maji hayo yana chumvi.

Chumvi ina madhara mawili. Kwanza, hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo umeme unaovuja kutoka kwa koili wazi huongezeka. Pili, huila koili hadi ikakatika baada ya muda mfupi.

Anayebadilisha koili kila baada ya miezi michache hana bahati mbaya, bali ana shawa isiyofaa maji yake. Zipo shawa zilizoundwa kwa maji ya chumvi, zenye koili iliyofunikwa. Bei yake ni ya juu kidogo, lakini hurudi haraka. Ukihama nyumba au mwenye nyumba akibadilisha chanzo cha maji, lifikirie upya suala hili.

Kubadilisha koili hatua kwa hatua

Kwanza, zima breka na uthibitishe kwa mita. Funga maji.

Pili, fungua kifuniko cha shawa na upige picha ya mpangilio wa ndani kabla ya kuondoa chochote. Picha hiyo itakuokoa wakati wa kurudisha.

Tatu, toa koili na uende nayo dukani. Koili mpya sharti iwe ya aina hiyo hiyo ya shawa, volti zile zile na wati zile zile. Koili ya wati zaidi huvuta umeme mwingi kuliko waya na breka zilivyopangiwa.

Nne, weka koili mpya ukihakikisha mizunguko yake haigusani wala haijavutwa. Kagua kiwambo na vishikizo wakati huo huo, kisha urudishe kifuniko na mpira wake wa kuzuia maji.

Tano, na hapa ndipo wengi huharibu kazi, fungua maji kabla ya kurudisha umeme. Yaache yatiririke kwa dakika moja hadi chumba kijae, kisha uyafunge. Koili ikipata umeme bila maji huungua katika sekunde chache.

Sita, washa breka, washa swichi, kisha fungua mfereji. Kila unapotaka kubadilisha kiwango cha joto, funga maji kwanza, kwani kugeuza kitufe koili ikiwa na mzigo hutoa cheche zinazoviunguza vishikizo.

Wakati wa kumwita fundi

Kusafisha matundu na kichujio na kubadilisha koili ni kazi za mwenye nyumba mwangalifu. Kutandika waya mpya, kubadilisha breka, kuweka ethi au kutafuta chanzo cha mshtuko ni kazi za fundi mwenye leseni.

Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, leseni hizo hutolewa na EPRA, mamlaka inayodhibiti masuala ya kawi na mafuta nchini. Usione haya kumwomba fundi akuonyeshe leseni yake. Fundi wa kweli hatachukia.

Mpangaji naye ana la kufanya. Mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, ili iwepo kumbukumbu. Wakati unasubiri, zima breka na uoge kwa maji ya birika na beseni. Ni usumbufu, lakini ni wa siku chache.

Mtu akipigwa na umeme bafuni, usimshike. Zima swichi kuu kwanza. Kama hapumui, ita msaada na uanze kukandamiza kifua chake katikati, kwa nguvu na kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, hadi msaada ufike. Hata akizinduka na kusema yuko salama, mpeleke hospitalini, kwa kuwa umeme huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Jioni ya leo, kabla ya kuoga, tenga dakika tano. Zima breka, thibitisha kwa mita, fungua kifuniko na uutafute waya wa kijani. Ukiukuta umekunjwa na kufichwa, au usipouona kabisa, iache breka ikiwa imezimwa na umpigie fundi simu kesho asubuhi.